Riba ya Nairobi, Vyumba vya Silibwet



Jumanne tarehe 5 Desemba 2023, kamati ya watu wachache ilikutana Nairobi ikakubaliana kupandisha kiwango cha riba cha Benki Kuu kutoka asilimia 10.5 hadi 12.5. Mwezi Februari wakaongeza tena, kikafika 13. Sidhani kama kuna aliyelitaja jina la Silibwet, hapa Bomet, katika vikao hivyo viwili, wala sioni kwa nini angelitaja. Lakini uamuzi ule ulifika hapa. Ulifika kwanza kama barua ya benki kwa mwenye vyumba vya kupangisha, kisha ukafika mara ya pili, miezi mingi baadaye, kama bonasi ya chai iliyopungua. Wengi wetu tuliyachukua hayo kama mambo mawili yasiyohusiana. Jioni hii nataka kuonyesha kwamba yote mawili yalitoka katika chungu kimoja.

Nimeombwa nizungumze juu ya sera ya fedha na watu wanaowekeza katika ploti na nyumba. Mwekezaji wa Kilimani na Westlands kule Nairobi ana wahadhiri wake, na hoteli za kuwasikilizia. Mimi namlenga mtu aliyekata kipande cha shamba karibu na barabara akajenga vyumba kumi, mwalimu aliyechukua mkopo wa sacco akanunua ploti ya futi hamsini kwa mia, na mama ambaye bonasi yake ya miaka mitatu imekwenda kwenye mabati na simenti. Hao ndio wawekezaji wa hapa. Hakuna anayewaita hivyo, ila mnada ukija huwafuata hao hao.

Kwanza tuielewe hiyo kamati. Inaitwa Kamati ya Sera ya Fedha, nayo hukutana kila baada ya miezi miwili. Imepewa kazi ya kuhakikisha mfumuko wa bei unakaa karibu na asilimia 5, usishuke chini ya 2.5 wala kupita 7.5. Kiwango inachotangaza ndicho benki za biashara hukitazama zinapopanga bei ya pesa zao. Kikipanda, mkopo unakuwa ghali, watu wanakopa kidogo na kununua kidogo, na bei za vitu zinatulia. Na kweli zilitulia. Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 9.6, Oktoba 2024 ulikuwa 2.7. Aliyekuwa akinunua unga alipata nafuu. Mimi nauliza gharama ya nafuu ile ilibebwa na nani.

Tufanye hesabu, na mwenye simu aifuate nami. Tuchukue mtu wa kubuni. Ana ploti ya urithi kando ya njia ya kwenda hospitali ya Tenwek, haidaiwi chochote. Katikati ya mwaka 2023 anakopa benki shilingi 3,000,000 za kulipa kwa miaka 10, anajenga vyumba 10, kila kimoja anakipangisha kwa shilingi 5,000 kwa mwezi. Vyote vikijaa anakusanya 50,000. KRA, mamlaka ya ushuru, inachukua asilimia 7.5 ya kodi hiyo, yaani 3,750, kwa hiyo anabaki na 46,250. Wakati ule wastani wa riba za benki ulikuwa kama asilimia 13. Kwa riba hiyo, anatakiwa kulipa benki shilingi 44,793 kila mwezi. Anabakiwa na 1,457. Ni pesa ya kubadilisha kitasa na kununua balbu ya ukumbini, lakini hesabu inakaa, na baada ya miaka 10 vyumba ni vyake.

Sasa tusogee hadi Novemba 2024. Wastani wa riba za benki umefika asilimia 17.2. Tuseme kwake imekuwa 17 kamili tangu mwanzo, ili hesabu iwe nyepesi. Malipo ya mwezi yanakuwa 52,139. Vyumba ni vile vile, wapangaji ni wale wale, hakuna aliyehama wala aliyechelewesha kodi, na bado kila mwezi anapungukiwa na shilingi 5,889. Huyu hakufanya kosa lolote la ujenzi. Hakudanganywa na fundi. Bei ya pesa imebadilika, basi, na mkataba wake uliruhusu ibadilike.

Wengine mtasema: mimi benki haikunipandishia malipo, ninalipa kile kile. Hapo ndipo pa kuangalia kwa makini zaidi. Benki nyingi huacha malipo ya mwezi yalivyo na kuongeza muda. Mtu wetu akiendelea kulipa 44,793 huku riba ikiwa 17, basi katika mwezi wa kwanza 42,500 ni riba tupu, na deni lenyewe linapungua kwa 2,293 pekee. Mkopo wa miaka 10 unakuwa wa miaka 17 na miezi saba. Alikopa akiwa na mtoto wa darasa la kwanza akitumaini vyumba vitalipa karo ya chuo. Sasa mtoto atamaliza chuo na vyumba bado ni vya benki. Na kwa sababu pesa inayotoka mfukoni kila mwezi haijabadilika, huenda hata hajui. Barua ilikuja, ndiyo, lakini ilikuja kwa Kiingereza cha wanasheria, ikawekwa juu ya kabati.

Marekani mtu aliyechukua mkopo wa nyumba wa miaka 30 mwaka 2021 kwa asilimia 3, analipa asilimia 3 mpaka leo, hata benki kuu yao ifanye nini. Hasara ya mabadiliko inabaki kwa mkopeshaji. Kwetu mikopo mingi ya nyumba inapanda na kushuka, na hatari yote anaibeba mkopaji. Sisemi hili ili tuwaonee wivu. Nasema kwa sababu vitabu vingi vya kutajirika kwa nyumba vinavyouzwa barabarani Nairobi vimeandikwa na Wamarekani, na ushauri wao wa kukopa kadiri uwezavyo umesimama juu ya mkopo ambao sisi hatuna.

Tuje sasa kwa pigo la pili, ambalo ndilo hasa la kwetu.

Kwa nini kamati ilipandisha riba kwa kiasi kile Desemba 2023, wakati mfumuko wa bei ulikuwa umeshaanza kupungua? Sababu kubwa ilikuwa shilingi. Tangu Machi 2022, benki kuu ya Marekani ilikuwa ikipandisha riba yake kutoka karibu na sifuri, hadi ikafika kati ya asilimia 5.25 na 5.50 Julai 2023. Pesa za dunia zikakimbilia huko. Shilingi yetu, iliyokuwa kama 113 kwa dola mwanzoni mwa 2022, ikateremka mpaka ikapita 160 Januari 2024. Juu ya hayo, serikali ilikuwa na deni la dola bilioni 2 la kulipa Juni 2024, na soko zima lilikuwa likinong'ona kwamba haitaweza. Gavana Kamau Thugge na kamati yake walichagua kuitetea shilingi kwa riba. Februari serikali ikakopa upya nje na kuanza kulinunua deni lile. Mwezi huo huo ikauza hati fungani ya miundombinu ya miaka 8 na nusu, kwa riba ya asilimia 18.46 isiyotozwa kodi, ikakusanya karibu shilingi bilioni 241. Wageni walileta dola wapate riba ile. Shilingi ikageuka. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa karibu 130, na mwaka 2025 wote ilikaa pale pale kwenye 129.

Nairobi walishangilia, na walikuwa na haki. Mafuta yalipungua bei, deni la nje likawa jepesi. Lakini sisi tunauza nini? Chai yetu inatoka viwandani kama Kapkoros na Tirgaga, inashuka hadi mnada wa Mombasa, na pale inauzwa kwa dola. Tuseme kilo moja ya chai iliyosagwa inauzwa dola 2.50. Dola ikiwa 160, hiyo ni shilingi 400. Dola ikiwa 129, ni shilingi 322.50. Mnunuzi wa Pakistani au Misri amelipa kiasi kile kile, mkulima amechuma majani yale yale, na shilingi 77.50 hazipo.

Na hazitoki kwa wote sawasawa. Kiwanda kinalipia kuni, umeme na mishahara kwa shilingi, na gharama hizo hazikupungua kwa sababu dola imeshuka. Kiwanda hukata gharama zake kwanza, kisha kinachobaki ndicho cha mkulima. Kwa hiyo upungufu wote unaangukia kile kinachobaki. Malipo ya kila mwezi ya majani mabichi hayabadiliki sana, kwa kuwa yamepangwa mapema. Inayobeba mzigo ni bonasi, yaani malipo ya mwisho wa mwaka wa chai. Hii ndiyo sababu mapato ya mnada yakipungua kwa sehemu moja ya tano, bonasi inaweza kupungua kwa zaidi sana ya hapo.

Bonasi ya 2025 ilipotangazwa, wakulima wa Bomet na Kericho waliandamana. KTDA, inayosimamia viwanda vya chai, ilitaja nguvu ya shilingi kuwa moja ya sababu. Wakulima walitaja uongozi wa viwanda, na chai iliyolala maghalani bila kuuzwa. Waliuliza pia kwa nini wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa hulipwa zaidi kila mwaka. Nadhani kila upande ulikuwa na sehemu ya ukweli, na hilo la uongozi linahitaji mhadhara wake, wenye walinzi mlangoni. Nachukua hili moja tu: hata kama kila mkurugenzi wa kiwanda angekuwa malaika, shilingi 77.50 kwa kila kilo zingepotea.

Angalieni tarehe. Riba ilipandishwa Desemba 2023 na Februari 2024. Mwenye vyumba alianza kuumia kwa mkopo mwaka ule ule wa 2024. Bonasi iliyoumia ni ya Oktoba 2025. Wakati huo kamati ilikuwa imeshaanza kushusha tangu Agosti 2024, hatua kwa hatua, na katika mwezi ule ule wa Oktoba 2025 ikafika asilimia 9.25. Magazeti yaliandika kwamba nafuu imekuja kwa wakopaji. Hapa Silibwet ndipo pigo la pili lilipokuwa linatua. Duka halikuuza, na fundi wa kushona hakupata sare za shule. Mwenye bodaboda alibeba watu wachache. Na hao ni wapangaji. Ukienda kudai kodi mwezi wa Novemba unaambiwa, mzee, ngoja kidogo. Mwenye vyumba mwenyewe pia alikuwa na chai, na ile bonasi aliyoipanga kuziba pengo la mkopo ilikuja nusu.

Kwa hiyo mtu wa Silibwet aliyejenga kwa mkopo wa benki, akapangisha kwa watu wanaoishi kwa chai, akitegemea bonasi yake mwenyewe kuwa akiba, ameweka vitu vitatu mahali pamoja akidhani ametawanya. Ukimuuliza atakwambia ana shamba, ana nyumba, ana biashara. Ukweli ni kwamba ana dola moja, imevaa nguo tatu.

Ndiyo maana mimi huuliza swali ambalo madalali hawalipendi: mpangaji wako analipwa na nani? Muuguzi wa Tenwek analipwa mshahara. Hospitali ile imekuwa hapa tangu 1937, imepita vita, ukame na tawala, na wagonjwa wake hawaangalii mnada wa Mombasa. Mwalimu wa tume ya walimu, TSC, analipwa mshahara. Mwanafunzi analipiwa na mzazi ambaye huenda ni mkulima wa chai, lakini huenda ni wa mahindi kutoka Trans Nzoia. Vyumba kumi vyenye watu wa mishahara na vyumba kumi vyenye watu wa chai vinafanana kwa mawe na mabati, hata kwa kodi, lakini thamani yake si moja. Mthamini wa benki hupima kuta na barabara. Hampimi mpangaji.

Kuna mzee ataniuliza: basi kwa nini kukopa na kujenga? Si heri kuikopesha serikali? Swali zuri, na kwa mwaka 2024 jibu lake lilikuwa la kushangaza. Rudini kwa mtu wetu na vyumba vyake 10. Tuseme hakukopa, alikuwa na milioni 3 zake taslimu. Akijenga, kodi yake ya mwaka baada ya KRA ni 555,000, vyumba vikijaa miezi yote kumi na miwili. Angenunua ile hati fungani ya Februari 2024, riba ya mwaka ingekuwa 553,800. Ni kama sawa! Upande mmoja kuna fundi, maji, vyoo, mpangaji aliyehama usiku na nyaya za stima. Upande wa pili kuna pesa inayoingia benki mara mbili kwa mwaka, na hakuna anayekupigia simu saa tano usiku kwamba choo kimeziba. Tangu 2023 unaweza kununua kwa simu kupitia mfumo wa DhowCSD wa Benki Kuu, bila kwenda Nairobi.

Sitaki mtoke hapa mkiuza ploti. Kufikia mwisho wake hati fungani inakurudishia milioni 3 zile zile, na milioni 3 za mwaka 2032 hazitanunua simenti ya milioni 3 za 2024. Vyumba vitabaki, na kodi itakuwa imepanda. Lakini linganisho lile linaeleza jambo ambalo wengi waliliona bila kulielewa: kwa nini mwaka 2024 ploti zilikosa wanunuzi. Mtu mwenye pesa taslimu, yule mtoto wa hapa anayefanya kazi Nairobi au ng'ambo, alikuwa na mahali pa kupata asilimia 18 akiwa amelala. Kwa nini anunue ploti ambayo mpaka ajenge haimpi hata shilingi?

Na hapa niseme neno juu ya imani yetu kubwa, kwamba bei ya ardhi haishuki. Kwa maneno, ni kweli. Ukiuliza bei ya ploti katika mwaka mbaya utatajiwa ile ile ya mwaka mzuri, pengine na zaidi. Mwenye nayo hana haraka, na hawezi kukubali mbele ya ndugu zake kwamba ameuza chini ya jirani. Kinachoshuka ni idadi ya wanunuzi. Bango la kuuza linakaa mpaka rangi inafifia. Kwa asiyedaiwa hilo si neno, atangoja. Kwa anayedaiwa, kila mwezi wa kungoja una bei, na bei hiyo ndiyo riba. Kwa hiyo riba ikipanda, ardhi ya asiye na deni inabaki pale pale, na ardhi ya mwenye deni inauzwa kwa hasara kwa huyo huyo asiye na deni. Sijaona mahali popote sera ya fedha inapoandikwa kwa lugha hiyo, lakini hapa vijijini ndiyo kazi yake: inahamisha mashamba kutoka kwa aliyekopa kwenda kwa aliyengoja.

Mnada wenyewe una ngazi zake. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, benki inatoa notisi ya siku 90 ulipe, kisha ya siku 40 kwamba inakusudia kuuza, na dalali wa mnada anatoa siku zake 45. Bei ya chini ya mnada kwa kawaida huwekwa robo tatu ya thamani ya soko. Tangu 2007 Sheria ya Benki inasema pia kwamba mkopo ukishaharibika, riba inayoongezeka haiwezi kuzidi deni lililokuwapo siku ulipoharibika. Kifungu hicho kiliandikwa kwa machozi ya miaka ya tisini. Wazee mnakumbuka 1993, mfumuko wa bei ulipofika asilimia 46 na hati za Hazina zikapita asilimia 70. Watu waliokopa laki moja walidaiwa mashamba mazima.

Nimekuwa nikisema benki, benki. Lakini wangapi hapa wanaweza kukopa benki? Benki inataka hati miliki, na hati nyingi za huku bado zina jina la babu aliyezikwa zamani, mirathi haijafunguliwa. Hata hati ikiwapo, shamba la kilimo linahitaji kibali cha bodi ya ardhi, na mke au mume lazima akubali. Nchi nzima ya Kenya, yenye watu zaidi ya milioni 50, ina mikopo ya nyumba ya benki kama 30,000. Silibwet hujenga kwa sacco, kwa chama, kwa mkopo wa Greenland Fedha unaokatwa kwenye chai, na kwa bonasi, chumba kimoja kila mwaka.

Je, hao riba ya Benki Kuu haiwagusi? Inawagusa kwa kuzunguka. Sacco nyingi hutoza asilimia 12 kwa mwaka, moja kwa kila mwezi, kwenye deni linalobaki, na hazibadilishi kila kamati inapokutana. Mwaka 2024, benki zilipokuwa 17, huo ulikuwa miongoni mwa mikopo bora kabisa nchini. Kwa hiyo kila mtu akakimbilia sacco, foleni ikarefuka, na mkopo uliotolewa kwa wiki ukawa wa miezi. Halafu kuna wadhamini. Benki ikikosa kulipwa inauza ploti ya mkopaji. Sacco ikikosa kulipwa inachukua akiba ya jirani aliyetia sahihi. Bonasi ikianguka, inaanguka kwa mkopaji na kwa mdhamini wake mwezi mmoja. Tena mkumbuke sacco si ngome: uchunguzi wa vitabu vya KUSCCO, muungano wa sacco ambako nyingi ziliweka pesa zao, ulionyesha pengo la zaidi ya shilingi bilioni 13.

Palipo na nafuu ya kweli, na isiyojulikana vya kutosha, ni KMRC, kampuni iliyopewa leseni 2020 kuzipa benki na sacco pesa za muda mrefu ili zikopeshe kwa makazi kwa riba ya chini ya asilimia 10. Imarisha ya Kericho, iliyoanza kama sacco ya walimu wa Kipsigis, ni mmoja wa wanahisa wake. Mpango huo ni wa nyumba ya kukaa, si vyumba vya kupangisha. Lakini mtu anayepunguziwa riba ya nyumba yake anabaki na uwezo wa kujenga vyumba polepole bila deni.

Jihadharini na kitu kimoja kidogo chenye madhara makubwa. Ukiambiwa riba ni asilimia 12, uliza: 12 ya deni linalobaki, au 12 ya deni lote la mwanzo mpaka mwisho? Mkopo wa 300,000 kwa miaka mitatu, riba ikihesabiwa kwenye deni lote, utalipa riba ya 108,000. Ukiigeuza kuwa riba ya deni linalobaki, hiyo ni zaidi ya asilimia 21. Wakopeshaji wadogo wa sokoni wanapenda sana hesabu hii, kwa sababu 12 inasikika vizuri.

Wapo watakaosema serikali ingeweka tu kikomo cha riba, mambo yakaisha. Tulijaribu. Septemba 2016 sheria ilikataza benki kutoza zaidi ya nukta nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Kwenye karatasi pesa ikawa rahisi. Benki zikamtazama mkulima wa Silibwet, zikaitazama Hazina, zikaona Hazina hailipi kwa majani chai. Zikaikopesha serikali. Ukuaji wa mikopo kwa watu binafsi na biashara ulianguka hadi karibu asilimia 2 mwaka 2017, na Novemba 2019 kikomo kikaondolewa. Mkopo wa bei nafuu usiopatikana haujengi chumba. Jambo la namna hiyo limejirudia: riba ilipoanza kushushwa 2024, benki hazikufuata kwa haraka, hata Benki Kuu ikalazimika kutuma wakaguzi mapema 2025. Riba hupanda kwa lifti na kushuka kwa ngazi, na aliye huku mwisho wa barabara anasubiri ngazi ya mwisho.

Sasa tuko wapi? Desemba 2025 kamati ilifika asilimia 9.0. Hati za Hazina za siku 91, zilizokuwa kama 16 katikati ya 2024, zilikuwa zimeshuka chini ya 8. Yule mtoto wa Nairobi aliyekuwa amelala kwenye hati fungani ataanza kuamka, na ataitazama ploti tena. Madalali wameshaanza kupiga simu. Mimi natarajia ploti zilizolala zisogee, na natarajia watu wakope wakitazama asilimia ya leo kana kwamba ndiyo ya miaka 10. Anayekopa sasa afanye ile hesabu ya vyumba 10 kwa riba ya 17, si kwa riba aliyoandikiwa. Isipokaa kwa 17, ajenge vyumba sita.

Nimalizie na barua, maana najua itawafikia wengi. Kuanzia 1 Desemba 2025, mikopo mipya ya benki yenye riba inayobadilika inahesabiwa kwa mfumo mpya, na mikopo ya zamani ilipewa hadi 28 Februari 2026 kuhamia huko. Msingi wake ni KESONIA, wastani wa riba ambazo benki hukopeshana kwa usiku mmoja. Juu ya msingi huo benki inaongeza sehemu yake inayoitwa K, yenye gharama zake, faida ya wenye hisa, na hatari inayoiona kwako. Msingi ni mmoja kwa nchi nzima na huwezi kubishana nao. K ni yako. Mwalimu mwenye mshahara na mkulima mwenye bonasi hawatapewa K moja, na tofauti ya nukta tatu kwenye milioni 3 ni maelfu ya shilingi kila mwezi. Mkipata barua, msitafute kwanza riba yote kwa jumla. Tafuteni mstari wa K, ulizeni imetokana na nini, kisha chukueni barua hiyo mwende benki ya pili muulize yao ni ngapi. Walioleta barua zao leo, nitakaa pale mezani. Tuanze na akina mama walio na gari la kurudi Merigi.